Wa Sitini na Mbili

Enzi zetu sie, shule ikifungwa hakuna aliyekuuliza umejifunza nini. Swali lilikuwa moja tu, kuanzia kwa mama muuza mihogo pale nje ya shule mpaka kwa shangazi aliyekuja kututembelea kutoka Kunduchi: "Umekuwa wa ngapi?" Ukijibu wa tatu, unapewa kipande cha muhogo na kachumbari yake, bure kabisa. Ukijibu wa arobaini, unaambiwa, "Haya pita, pita, usizibe njia."

Swali hilo limenirudia juzi na likanitoa utulivu, nimekaa nalo kama mwiba wa samaki kooni. Sababu yake nitaieleza. Ila kwanza niwapeleke Temeke, kule Tandika, miaka ile ruksa ya biashara ilipokuwa imeanza kuingia: sabuni imerudi madukani, mitumba imejaa barabarani, na mtaa mzima una televisheni moja, ya mzee mmoja aliyetutoza shilingi kuchungulia dirishani.

Wa rika langu mnakumbuka. Asubuhi ufagio wa chelewa mkono mmoja, dumu la maji mkono mwingine, na mchakamchaka unaotuzungusha mtaa mzima hadi vumbi linaingia puani. Kola ya shati ikiwa chafu unaipindua kwa ndani ukimwona mwalimu wa zamu. Saa ya mapumziko ni ubuyu, barafu za ukwaju, rede na mdako, na wavulana na chandimu lao la makaratasi. Watoto wa siku hizi ukiwaambia mpira tuliutengeneza wenyewe wanakuangalia kama unawaeleza habari za Nuhu. Wakicheza wao kinachotoka jasho ni kidole gumba.

Sasa darasa letu la tano lilikuwa na mambo yake. Mwalimu wetu, mwanamama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita watu kisimani, alitupanga kukaa kwa namba. Aliyekuwa wa kwanza muhula uliopita alikaa mbele, karibu na meza yake, na waliofuata wakafuata. Nyuma kabisa, penye ukuta uliobanduka plasta, madawati yalikuwa yamekwisha, hivyo mtu alikaa chini. Pale tulipaita Mkiani. Mie nilikuwa wa saba, nakaa dirishani, napigwa upepo wangu. Mkiani alikuwa kaka yangu Shabani.

Shabani alinitangulia kuzaliwa, lakini alirudishwa darasa, tukajikuta chumba kimoja. Hakuwa mjinga, jamani, nasema mpaka leo. Ukimpa redio iliyokufa anaifufua kwa waya na utomvu wa mpapai. Ila ukimwekea karatasi ya mtihani mbele yake, ni kama umemmwagia maji ya baridi. Anakaa, anaitazama, anatoa jasho, anairudisha. Mwalimu alikuwa akimchorea sifuri kubwa ya wino mwekundu, na watoto wanasema, "Shabani kapewa yai lingine, leo kwao wanakaanga."

Na kushika mkia shuleni kwetu hakukuwa siri ya mtu na wazazi wake. Siku ya kufunga, mwalimu alisoma majina darasani kuanzia wa kwanza. Wa kwanza anapigiwa makofi, wa pili anapigiwa, wa tatu pia, halafu makofi yanapungua mpaka yanakufa, na darasa linaanza kuchekacheka kwa kusubiri. Jina la mwisho likisomwa, paa linataka kung'oka! Madawati yanapigwa, watu wanaruka. Kisha darasa zima linamsindikiza aliyeshika mkia mpaka mlangoni kwao, linaimba: "Ng'ombe kapita, kaachiwa mkia! Mkia huo, mkia huo!" Mama zetu wakisikia wimbo unakuja walitoka nje kutazama unaingia nyumba ya nani. Mihula miwili mfululizo uliingia kwetu.

Baba alikuwa seremala, mtu wa watu, anayependa heshima yake mtaani. Mara ya pili alivumilia wimbo ule mpaka mwisho akiwa ameshika randa mkononi, kisha akaenda barazani walipokuwa wanakunywa kahawa, akaapa mbele ya wenzake wote. "Wallahi nasema, mkisikia wimbo huu mlangoni kwangu mara ya tatu, mtoto yule namrudisha Kisarawe kwa babu yake, akachome mkaa. Shule kwake basi."

Baba akiapa, ameapa. Mama alirudi kwenye maandazi yake akawa anakanda unga kama anapigana nao. Mie nilianza kutafuna kucha, na nikazitafuna muhula mzima. Nilikuwa namwamsha Shabani alfajiri nimkaririshe jedwali la kuzidisha, anasinzia nusu. "Saba mara nane?" "Mwaju, niache." "Saba mara nane, Shabani, unataka kwenda kuchoma mkaa?" "Kwani mkaa unachomwaje?" Ndivyo alivyo, unamweleza msiba wake anauliza ufundi.

Muhula ule ukiwa umeshaanza ndipo akaja Tumaini.

Baba yake alikuwa injinia, mtu wa Bukoba, aliyekwenda Urusi kusoma akakaa huko miaka mingi na mkewe na mtoto. Mambo ya huko yalipoharibika wakarudi, wakapanga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tumaini alizungumza Kiswahili cha nyumbani tu, kile cha mama na baba, kilichonyooka kama cha redio. Kusoma ndiyo hakujui, maana herufi za huko ni nyingine kabisa. Akiandika jina lake, nusu ya herufi zinakupa mgongo.

Siku anaandikishwa nilikuwa ofisini nimeleta madaftari, kwa hiyo hili nililiona mwenyewe. Mwalimu mkuu aliishika ripoti ya huko, akaigeuza juu na chini. "Tano. Tano. Tano tena. Injinia, samahani lakini, mtoto kapata tano katika mia kila somo?"

"Hapana, mwalimu. Tano ndiyo juu kabisa. Zaidi ya tano hakuna."

"Nchi kubwa namna ile inaishia tano?"

Injinia alicheka mpaka akavua miwani. Mkuu aliamini nusu. Kwa kuwa mtoto hawezi kusoma neno, akampeleka darasani kwetu akae Mkiani, chini, karibu na Shabani, mpaka mtihani utakapompa namba yake.

Habari ilifika barazani siku ile ile. Nilitumwa kashata nikawakuta wanabishana. Kinyozi wetu alikuwa na kaka aliyesoma Ujerumani, naye akaapa kwamba huko bora ni moja, na ukipata tano umefeli, ujifungie ndani. Mwingine akasema amesikia Wafaransa wanahesabu mpaka ishirini, na hiyo ishirini yenyewe anapewa Mungu peke yake. "Hebu acheni," baba akasema. "Huyu tano juu, yule moja juu, mtoto akivuka mpaka akili zinageuka? Kwetu mambo yanaeleweka. Wa kwanza mbele, wa mwisho nyuma." Wote wakakubali, wakaongeza kahawa.

Nyumbani mama aliposikia kwamba kuna mtoto wa darasa letu asiyejua hata a na be, aliacha kukanda. Akafunga kanga upya, akainua mikono yote miwili yenye unga. "Mungu mkubwa! Katuletea wa mwisho!"

Na kweli, nilirukaruka. Nilimpenda Tumaini kabla sijamsemesha. Nilikuwa namtazama pale chini, na soksi zake nene za nchi za baridi, anaigeuza karatasi ya jaribio kama ramani, na moyo wangu unatulia kwa mara ya kwanza. Shabani hatakwenda popote. Nyuma yake kuna mtu.

Nilitulia wiki mbili, basi. Siku moja nawatafuta kwenda nyumbani, nawakuta nyuma ya vyoo vya walimu, wamechuchumaa mchangani. Shabani ana kijiti. Anaandika ba, be, bi, bo, bu, na Tumaini anafuata kwa kidole. Akikosea Shabani hamgombezi wala hamcheki, anafuta kwa kiganja, anaandika tena, taratibu, kubwa zaidi. Neno alilitafutia kitu. Akiandika "bata" anakwenda kumkimbiza bata wa mlinzi ili aonekane. Akiandika "embe" anatoa embe bichi mfukoni na chumvi yake.

Damu ilinichemka. Nilimvuta pembeni. "We una kichaa? Unamfundisha nani?"

"Hajui kusoma, Mwaju."

"Ndiyo asijue! Akijua atakupita! Unajichimbia kaburi na kijiti chako mwenyewe!"

Aliniangalia na macho yake yale ya upole yanayotia hasira. "Mie nimekaa pale chini miezi mingi peke yangu. Sasa nina mtu wa kuongea naye, nimwache kipofu?"

Nilinuna. Nilikataa kutembea nao. Nilikuwa naenda mbele yao hatua chache na masikio yote yako nyuma, nasikia anavyosoma kila kibao cha njiani: Hoteli. Saluni. Usikojoe Hapa. Mwanzo kwa kukwama, halafu kwa kukimbia. Nyie, mtoto yule alikuwa na kichwa! Herufi tu ndiyo zilikuwa zimemfungia mlango. Hesabu tayari alikuwa anazitafuna, alichokosa ni kulielewa swali. Kila siku akisogea mbele, namwona kaka yangu anasogea Kisarawe. Nikamwambia mama. Mama akamwita Shabani, akamkalisha kwenye kigoda, nadhani alitaka kumkataza, akamtazama weee, mwishowe akampa maandazi mawili. "Moja lako. Lingine kampe mwenzio." Nikaona mama naye karogwa.

Mtihani ukafika. Tumaini aliandika mpaka kengele. Shabani alitoa jasho, akarudisha karatasi yake.

Baba hakusubiri. Alituma salamu Kisarawe, na siku ya kufunga baba yetu mkubwa akaja mapema kumchukua mtoto. Tulipoondoka kwenda shule tulimwacha amekaa mkekani anakunywa uji, na pembeni yake kikapu cha Shabani kimefungwa kwa kamba. Shabani alikipita akakigusa kidogo kwa kidole, akatoka.

Darasani niliikalia mikono yangu. Mwalimu akaanza. Wa kwanza, makofi. Mie nilikuwa wa tano, hata sikusikia, mtu alinipiga kiwiko. Kumi. Kumi na tano. "Wa kumi na tisa, Tumaini." Watu wakageuka, "Haa!" Yeye akasimama akainamisha kichwa, uso umemwanguka, akakaa. Nilishangaa ananuna nini, mtu katoka sakafuni kapanda mpaka pale. Majina yakaendelea. Thelathini. Hamsini. Nilikuwa naomba kila dua niliyofundishwa madrasa na nyingine nazitunga mwenyewe. Sitini. Sitini na moja alikuwa mtoto mmoja aliyeugua surua akafanya nusu ya mitihani, ndiyo ujue.

"Na wa sitini na mbili..."

Hata jina halikusikika. Darasa lililipuka. Madawati yakapigwa, wavulana wawili wakamnyanyua Shabani juujuu wakamtoa nje, na wimbo ukaanza.

Sasa sikilizeni vizuri kilichotokea. Tumaini hakuwahi kuona siku ya kufunga shule ya kwetu. Huko alikotoka namba kubwa ndiyo bora, tano inaipita nne. Akaona namba zinapanda, makofi machache mwanzoni, akajua hao ni wa chini wanapewa moyo. Akaona kadiri zinavyopanda watu wanashindwa kutulia. Kisha ya mwisho, kubwa kuliko zote, na darasa zima linapasuka kwa shangwe, na mwenye namba anabebwa juu, anaimbiwa, anasindikizwa kwao. Na huyo mwenye namba ni Shabani, mwalimu wake! Mtoto alifanya wazimu. Alikuwa anaruka, anapiga makofi, machozi ya furaha yanamtoka, anaimba "mkia huo" kwa sauti kuliko wote, akidhani mkia ni tuzo. Halafu akawatangulia, akakimbia na soksi zake zile kwenda kuipeleka habari njema. Mie nikamfuata mbio, sijui kumzuia au kufanya nini.

Nilifika mlangoni anasema hodi. Baba alikuwa amesimama uani, mkanda umezungushwa mkononi, ameshausikia wimbo. Baba mkubwa ameshika kikapu. Mama amewapa mgongo.

"Shikamoo baba, shikamoo mama, shikamooni wote! Hongereni!" Anahema. "Shabani amepata sitini na mbili! Hakuna aliyemfikia. Wanambeba, wanamleta na wimbo!"

Baba akamgeukia baba mkubwa.

"Na wewe je?" mama akauliza taratibu bila kugeuka.

Furaha ikampungua. "Mimi kumi na tisa tu, mama. Naomba msamaha. Shabani alinifundisha kila siku, hakuchoka hata mara moja. Nimemwaibisha."

Nje wimbo umeshafika. "Ng'ombe kapita, kaachiwa mkia!" Tumaini akaenda akaufungua mlango wote, wazi, kama anayepokea bwana harusi. Shabani akashushwa kizingitini, kichwa chini, anasubiri kipigo chake. Yule mtoto akamshika mkono akamwingiza ndani, akamsimamisha mbele ya baba. "Huyu hapa!"

Mama ndiye aliyeanza. Kwanza nilidhani analia, amejiziba kanga mdomoni, mabega yanatikisika. Kumbe anacheka, na alipocheka sana akalia kweli. Baba alimtazama Tumaini, akamtazama Shabani, akautazama mkanda kama mtu mwingine kaushika.

"Huyu mtoto," akasema, "nani kamfundisha kusoma?"

"Mie, baba," Shabani akajibu, bado kichwa chini.

"Na yeye kawa wa kumi na tisa?"

"Ndiyo, baba."

Baba alikwenda mlangoni. Watoto nje wakanyamaza. "Wimbo umekwisha?" akawauliza. "Kama umekwisha nendeni kwenu." Akarudi akakaa mkekani, akavuta pumzi. "Kaka, kitue hicho kikapu. Kisarawe utarudi peke yako." Baba mkubwa akamkumbusha kiapo chake, akasema wenzake wa barazani watamcheka. "Watacheka," baba akasema. "Nitafunga siku tatu kulipa kafara ya kiapo, watanicheka na njaa yangu." Na alifunga, nilimwona.

Ukweli Tumaini aliambiwa kesho yake, pale bombani tunapanga ndoo. Sisi tulidhani ataona haya. Wapi! Aliacha ndoo yake foleni, akazunguka nyumba kwa nyumba, mtoto wa miaka kumi na moja, anamwamkia mama mwenye nyumba kwa adabu zote, halafu anamwita mtoto wake. "Jana ulikuwa unamcheka? Wewe? Kwa nini?" Alifika mpaka kwa aliyekuwa wa kwanza. Muhula uliofuata wimbo ulianzishwa na watu wachache, ukafika njia panda ukaisha.

Shabani hakuja kupanda, nisiwadanganye. Darasa la saba alikosa kuchaguliwa kwenda sekondari. Baba alimpa randa, na leo ana karakana yake Mbagala, vijana anaowafundisha wanatoka wakiwa mafundi kweli, maana hachoki kufuta na kuchora tena. Tumaini yuko mbali, nchi za watu, na kila sikukuu anampigia simu. Hamwiti kwa jina. Anamwita Sitini na Mbili.

Sasa hilo la juzi. Binti yangu anasoma akademi moja huku Kinyerezi, ada yake usiniulize. Kafunga shule, kaja na ripoti ya rangi, ina nyota, ina A, ina B, ina "anashirikiana vyema na wenzake". Nimeipekua mbele na nyuma. Namba hakuna! Nikakosa amani, nikavaa, nikaenda shule. "Mwalimu, wa ngapi?" Mwalimu, kibinti tu, akatabasamu. "Mama, sie hatupangi." Yaani shule nzima haina wa mwisho! Watoto wa chekechea wanavishwa majoho ya mahafali kama maprofesa, na hakuna aliyemshinda mwenziwe. Nikarudi nimeudhika. Nikampigia Shabani, simu nimeiweka mezani kwa sauti, nikamwaga yote.

Alinisikiliza. Kisha akauliza, "Akifunga shule, anarudi nyumbani na nani?"

"Na basi. Linamteremsha getini."

"Peke yake?"

"Peke yake. Hata nakala ya ripoti ilishatangulia kwenye simu yangu."

"Mie nilirudi na darasa zima," akasema, akacheka kile kicheko chake. Na mie, mtu mzima, nikatamani vumbi lile na makelele yale, nikatamani mtu wa kuukimbilia mlango wangu na habari, hata kama kaielewa kinyume.

Binti yangu alikuwa ametega sikio. "Mama, mjomba alikuwaga wa ngapi?"

Nilitaka kugeuza maneno. Mdomo ukanitangulia. "Sitini na mbili."

Akahesabu kidogo kichwani, kwa hesabu zao hizi za asilimia, akainua mabega. "Hiyo ni B. Kumbe mjomba alifaulu."

Simu ilikuwa wazi pale mezani. Nilingoja Shabani acheke. Hakucheka.

"Mwambie ahsante," akasema.